Je, KRA Inaona Pesa Zote Unazotumiwa kwa Simu? Fahamu Haki Zako

Kila mwaka msimu wa bajeti ukifika, kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza sana: "Ni kweli KRA wanaona kila shilingi inayoingia kwa simu yangu?" Mama mboga anauliza, mtu wa boda boda anauliza, mweka hazina wa chama naye anauliza. Jibu fupi ni hapana, hawafungui tu akaunti yako wakasoma wanavyotaka. Lakini pia usidanganyike kwamba hawawezi kupata habari zako kamwe. Sheria imeweka mipaka, na ni vizuri uijue mipaka hiyo iko wapi.

Katiba inasema nini?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Kati ya mambo inayokukinga nayo ni kulazimishwa kutoa habari za familia yako au mambo yako ya binafsi bila sababu, au habari hizo kuanikwa ovyo.

Sasa fikiria orodha ya miamala yako ya mwezi mmoja. Inaonyesha hospitali uliyolipa, mahali unapotoa sadaka, shule ya watoto, nani unamtumia pesa kila wiki na nani anakudai. Mtu akiisoma vizuri atakujua kuliko jirani yako. Ndiyo maana habari za pesa ni habari za faragha.

Hata hivyo, haki hii ina mipaka. Ibara ya 24 inaruhusu serikali kuipunguza, ila kwa masharti. Lazima kuwe na sheria iliyopitishwa, sababu iwe ya maana katika nchi ya kidemokrasia, na iangaliwe kama kuna njia nyingine isiyoumiza haki ya mwananchi sana. Kwa hivyo afisa hawezi kusema tu "ni kazi ya serikali" akaishia hapo.

Kilichotokea mwaka wa 2025

Sheria ya Taratibu za Kodi ina kifungu cha 59A, kinachoiruhusu KRA kutaka biashara ziunganishe mitambo yao na mfumo wake. Mwaka wa 2023 Bunge liliongeza kinga hapo: KRA isilazimishe biashara kuunganisha au kutoa siri za kibiashara, wala data binafsi za wateja.

Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza kinga hiyo ifutwe. Waliounga mkono walisema serikali inapoteza kodi kwa sababu haioni biashara nyingi zinazofanywa kidijitali. Hoja hiyo ina uzito wake, maana barabara na dawa za hospitali zinatoka kwa kodi. Waliopinga nao waliuliza: je, ni lazima kuwachungulia wote ili kuwapata wachache wanaokwepa?

Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa iliposikiliza maoni ya wananchi na mashirika, ilikataa pendekezo hilo. Kinga ikabaki. Lakini kumbuka, mswada wa fedha huja kila mwaka, na lililokataliwa leo linaweza kurudi kesho. Ibara ya 118 inalitaka Bunge kushirikisha wananchi, kwa hivyo wakiita maoni, toa yako.

Ndoano au juya?

Njia rahisi ya kuelewa tofauti ni kufikiria uvuvi. Kuna kuvua kwa ndoano, na kuna kukokota juya linalozoa kila kitu, hata dagaa ambao hukuwataka.

Ndoano ipo kisheria. KRA ikishughulikia kodi ya mtu fulani, kifungu cha 59 cha sheria ileile kinairuhusu kuandika notisi ya kudai rekodi zinazohusika, hata kama ziko kwa mtu mwingine. Mahakama nayo inaweza kutoa amri, kwa mfano kwenye uchunguzi wa wizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 51, inatambua kwamba habari zinaweza kutolewa pale sheria iliyoandikwa au amri ya mahakama inapotaka hivyo.

Kilichokataliwa mwaka wa 2025 ni kufungua njia ya juya: data za wateja wote kutiririka kwa KRA bila kuuliza habari za nani zinatakiwa, na kwa nini.

Kupokea pesa si sawa na kupata mapato

Hapa ndipo watu wengi huingiwa na hofu bure. Kodi ya mapato hutozwa kwenye mapato, kama vile faida ya biashara, mshahara au kodi ya nyumba. Dada yako akikutumia 3,000 za matibabu ya mama, hayo si mapato. Michango ya chama inayopitia kwa simu ya mweka hazina pia si mshahara wake. Ushuru unaouona ukitozwa kwenye huduma ya kutuma pesa nao huhesabiwa kwenye ada, si kwenye pesa yenyewe.

Shida huja pale pesa za duka, za chama na za nyumbani zinapochanganyika kwa laini moja. Ukiulizwa, utaeleza vipi? Ushauri wetu: tenga Till ya biashara, na pesa za chama ziandikwe kwenye daftari lake.

Haki ulizo nazo kwetu na kwa kampuni yoyote

- Kujua tunachohifadhi. Ukiomba kuona data zako, kanuni za 2021 zinatupa siku 7 kujibu.
- Kurekebishiwa. Jina au namba ya kitambulisho ikiwa na kosa, omba lirekebishwe. Muda ni siku 14.
- Kufutiwa, ila si kila kitu. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa inataka rekodi za miamala zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 7. Kwa hivyo hata ukifunga akaunti leo, rekodi hizo hatuwezi kuzifuta leo.
- Kulalamika. Ukiona data zako zimetumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.

Ofisi hiyo inaweza kuuma. Mwaka wa 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatisha na kuwasumbua kuhusu madeni. Faini ya aina hiyo inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Tahadhari ya mwisho

Matapeli wanapenda sana hofu ya kodi. Atakupigia mtu aseme yeye ni wa KRA, akaunti yako itafungwa saa hii, na umtajie PIN "ahakikishe". Kata simu. KRA haihitaji PIN yako kwa kazi yoyote, polisi hawaihitaji, na sisi hatutakuomba hata siku moja. Ukipokea barua au ujumbe unaodai kutoka KRA, usibonyeze kiungo kilicho ndani yake. Nenda ofisi yao iliyo karibu nawe, au kituo cha Huduma, uulize kama ni ya kweli.