Usawa Kazini: Nyapara, Mchumaji na Sheria

Sisi wa Roret tumelelewa na chai. Karo za wengi wetu hutoka kikapuni. Lakini je, kazini kuna usawa?

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema wazi: kazi yenye thamani sawa, malipo sawa, asibaguliwe mtu kwa jinsia, kabila, dini wala ulemavu. Tena mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi sharti aweke kanuni za kuzuia dhuluma za kimapenzi.

Mbona basi, Februari 2023, wanawake zaidi ya 70 waliiambia BBC kwamba walidhulumiwa na wasimamizi wao mashambani Kericho? Manake sheria iliyo karatasini haimlindi mtu shambani. Nyapara ndiye agawaye kazi. Akikukosea, utamshtaki kwa nani?

Siku hizi mashine nazo zachuma. Kazi zikipungua, mgawaji huzidi nguvu. Kwa hivyo malalamiko yasipitie kwa nyapara, akina mama nao wawe wasimamizi, na wafunzwe kuendesha hizo mashine.

Shime wenzangu! Kesho sisi ndio wachumaji, na sisi ndio manyapara. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.