Mkono utulie, mswaki ufanye kazi

Mama mmoja anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia kivuko cha mpakani cha Petite Barrière alikuja kwangu fizi zikimvuja damu. Mkobani alikuwa na mswaki wa umeme, zawadi ya mwanawe aliyeko Brussels. Nikamwomba anionyeshe anavyopiga mswaki. Akaubonyeza, ukanguruma, naye akaukandamiza menoni na kusugua kwenda na kurudi kama anayesugua sufuria iliyoungua. Mashine ikalemewa, ikanyamaza.

"Mama, huo una mkono wake," nikamwambia. "Wa kwako utulie."

"Sasa daktari, mkono ukitulia meno yatasuguliwa na nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiwiko chake kimesugua miaka hamsini, hakiwezi kusahau kwa siku moja. Lakini ndani ya ule mpini mna mota ndogo. Aina moja ina kichwa cha duara kinachozunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, maelfu ya mara kwa dakika. Aina nyingine ina kichwa kirefu kinachotikisika upesi zaidi, wakati mwingine mara 31,000 kwa dakika. Hakuna kiwiko kinachofikia kasi hiyo. Kazi inayobaki kwa mwenye mswaki ni kuupeleka: auweke pale jino linapokutana na ufizi, auinamishe kidogo kuelekea ufizi, ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ahamie jino la pili. Nje, ndani, kisha juu ya magego. Dakika mbili mdomo mzima. Miswaki mingi ya umeme hutetemeka kidogo kila sekunde 30 kukuambia uhamie robo nyingine ya mdomo.

Ukoga ni utando laini wa vijidudu, hautaki nguvu, unataka kufikiwa. Anayekandamiza huuacha ukoga kwenye vipenyo na kuukwangua ufizi, ambao taratibu hurudi nyuma na kuacha shina la jino wazi. Hapo ndipo chai ya moto na maji ya baridi vinapoanza kuuma. Mswaki wa bei nzuri huwasha taa nyekundu ukiukandamiza. Usio na taa nao hujisema: nyuzi zikitawanyika kabla ya miezi mitatu, ujue unakandamiza.

Je, una faida kweli? Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 56 na kukuta kwamba, baada ya miezi mitatu, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11 kuliko waliotumia wa mkono. Ni faida ya kweli, ila si muujiza. Anayepiga mswaki wa kawaida vizuri, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, simwambii auze mbuzi anunue mashine. Ninayemshauri ni mzee mwenye baridi yabisi vidoleni, aliyepooza upande mmoja, au kijana mwenye nyaya za kunyoosha meno. Ndio waliokusudiwa tangu mwanzo: Broxodent, uliobuniwa Uswisi mwaka 1954 na kuchomekwa moja kwa moja ukutani, ulilenga watu wa namna hiyo.

Wengine huku huununua wakitumaini utaondoa madoa ya kahawia. Eneo hili la volkano lina chemchemi zenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachokubaliwa na WHO. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, doa huota pamoja na jino. Halisuguliki. Dawa yenye floraidi usiikimbie kwa sababu hiyo; jino la mtu mzima limekwisha kuumbwa, na dawa hutemwa.

Ndugu akitaka kukutumia mswaki, mwulize kwanza mambo mawili. Chaja ikitoka Ubelgiji itaingia katika soketi zetu; ya Uingereza mara nyingi ina pini mbili nene zisizoingia, na baadhi za Marekani hazistahimili volti 230, zitaungua. Pili, vichwa vya akiba. Cha kampuni moja kwa kawaida hakikai kwenye mpini wa nyingine, na mpini bila kichwa ni tochi isiyowaka.

Yule mama nilimwondolea kwanza ukoga uliokwisha kuganda kuwa jiwe, kwani huo hautoki kwa mswaki wowote. Alirudi baada ya wiki sita. Damu ilikuwa imekoma, isipokuwa nyuma ya magego ya chini, kulia. Nikampa kioo, tukauwasha mswaki, tukaanzia hapo.