Ardhi ya Gusii Ina Somo Tusilolifundisha

Mwanafunzi anayesimama juu ya ukingo wa Manga, asubuhi ambayo ukungu umekwisha kuondoka, huona mambo mawili ambayo aghalabu huyasoma katika sura tofauti za kitabu chake. Chini ya nyayo zake pana mwamba mgumu, uliokuwapo kabla nchi kavu haijajua mnyama wala mmea. Mbele yake, upande wa kaskazini, nchi inateremka kuelekea tambarare za Kano na Ghuba ya Winam, bonde ambalo kwa hesabu ya wanajiolojia ni la juzi tu.

Je, ni wanafunzi wangapi wa Kisii na Nyamira waliopata kuelezwa kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano?

Bonde hilo ni mkono wa Bonde la Ufa. Linatoka kwenye ufa mkuu na kuelekea magharibi hadi ziwani, nalo limeacha kandokando yake volkeno za kale kama vile Tinderet na Homa. Huitwa Ufa wa Nyanza, na wataalamu wengi huuhesabu miongoni mwa nyufa zilizokwama: ulianza kuipasua nchi, lakini haukuendelea kama mwenzake wa Naivasha na Turkana. Sababu yake haichimbuliwi kwa jembe wala sururu. Hutafutwa kwa mawimbi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tetemeko likitokea, au baruti ikilipuliwa, mtikisiko husafiri ndani ya ardhi. Katika mwamba baridi na mgumu huenda kasi. Katika mwamba uliopata joto hupunguza mwendo. Mtaalamu hupanga vipimatetemeko mahali pengi, akalinganisha saa za kuwasili, na kwa njia hiyo akatambua hali ya vilindi asivyoweza kuvifikia, kama vile daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza.

Mwaka 1990, wanasayansi wa mradi wa kimataifa ulioitwa KRISP walilipua baruti katika maziwa yetu, yakiwemo Turkana, Baringo na Victoria. Walikuta ganda la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi karibu na Naivasha, lakini kiasi cha 20 tu Turkana. Chini ya ganda hilo, ndani ya ufa mkuu, mawimbi yalikwenda takribani kilomita 7.5 kwa sekunde. Nje ya ufa yalifikia 8 na zaidi.

Kisha, mwaka 1994 na 1995, vyombo vilivyowekwa nchini Tanzania vilionyesha kwamba kiini kikongwe cha bara, ambacho pembe yake ya kaskazini inafika Nyanza Kusini, kina mzizi mgumu unaoshuka kiasi cha kilomita 150 au zaidi. Ufa mkuu wenyewe ukifika ukingoni mwa kiini hicho, kaskazini mwa Tanzania, hutawanyika matawi. Ufa wa Nyanza ulielekea moja kwa moja kwenye miamba hiyo ya kale, ambayo kule Migori imepita umri wa miaka bilioni 2.5. Kukwama kwake basi si ajabu.

Najua nitakalojibiwa: mtihani unakaribia na muda hautoshi. Hata hivyo, mwalimu wa fizikia na mwenzake wa jiografia wakikaa pamoja kipindi kimoja tu, hesabu yenyewe ni nyepesi. Wimbi likienda kilomita 240 kwa kasi ya 8, litachukua sekunde 30. Kwa kasi ya 7.5, litachukua 32. Sekunde hizo mbili ndizo zinazomfunulia binadamu joto lililojificha chini ya nchi. Mwanafunzi akiipiga hesabu hiyo huku akitazama Winam kutoka Manga, hatakuwa na haja ya kuikariri.

Tusipofanya hivyo, tutaendelea kulea vijana wanaoweza kuandika maana ya ufa kwa ufasaha, ilhali hawatambui kwamba wamezaliwa kando ya ufa. Maarifa juu ya ardhi yetu yatabaki katika majarida ya ng'ambo, nasi tutabaki wapangaji katika nyumba yetu wenyewe. Milima ya Gusii imevumilia mengi. Isivumilie pia kutojulikana na watoto wake.