Vinywele vya njia ya pumzi na antikori

Toka puani mpaka ndani ya mapafu, chembe za mwili huota vinywele vidogo sana, ambavyo wanganga huviita silia. Vyapiga pamoja bila kupumzika, kama makasia ya mtumbwi, kusudi vumbi na makohozi vitoke. Unene wa kimoja ni kama robo tu ya sehemu moja ya elfu ya milimetri. Basi, wataalamu wanajuaje yaliyomo ndani?

Kwanza, kwa mikroskopo ya elektroni. Mwaka 1954 Fawcett na Porter walionyesha mirija iliyomo: jozi tisa kwa duara, na miwili katikati. Lakini picha ile yaonyesha umbo. Haitaji kila proteini kwa jina lake.

Pili, kwa antikori. Hizi ndizo askari wa damu, na kila moja humshika adui wake tu, kama ufunguo na kufuli yake. Wataalamu humdunga sungura proteini fulani ya silia, naye atengeneza antikori za kuishika. Wazitia juu ya chembe zilizokwanguliwa puani mwa mgonjwa. Kisha watia antikori nyingine yenye rangi ya kung'aa, inayoishika ile ya kwanza. Proteini ikiwapo, mwangaza, isipokuwapo, giza.

Mwaka 1976 Afzelius, wa Sweden, alionyesha ya kwamba kuna watu ambao silia zao zimekosa dineini, yaani proteini zinazozipigisha. Leo antikori zaweza kuonyesha ni dineini gani iliyokosekana. Hata hivyo giza peke yake si ushahidi: lazima chembe za mtu mwenye afya zing'ae kwa dawa ile ile. Wala mwangaza hauthibitishi afya, maana pengine kasoro iko katika proteini nyingine.

Tuangalie, ndugu mapadri na wakatekista. Watoto hawa hukohoa tangu kuzaliwa, na karibu nusu yao wana moyo upande wa kuume. Wazazi watauliza: nani amemroga? Tujibu wazi: hakuna. Ni kasoro ya urithi, mara nyingi toka kwa baba na mama pamoja, nao hawana kosa. Tusimtafute mchawi; tumpeleke mtoto kwa munganga, asaidiwe kutoa makohozi, na mapafu yake yalindwe mapema.