Kofia ya Dohani: Gharama ya Kuibadilisha na Gharama ya Kuiacha

Mwezi Juni unapoingia katika nyanda za juu za Mkoa wa Njombe, umande wa alfajiri huganda juu ya majani ya viazi, na moto wa kuni za miwati huwashwa sebuleni kabla giza halijatanda. Ni katika siku hizo ambapo kaya nyingi zenye nyumba za dohani hubaini kwamba kofia iliyokaa juu ya paa kwa miaka mingi imeliwa na kutu, imepinda, au imeng'olewa na upepo wa masika. Swali la kwanza la mwenye nyumba huwa ni bei ya kuweka nyingine. Swali hilo ni la haki, lakini halina jibu moja, kwa kuwa kofia ya dohani haiuzwi kama sufuria dukani. Hupimwa, hukatwa na kufungwa kwa kufuata dohani yenyewe. Anayefahamu vitu vinavyounda gharama hiyo huweza kuikadiria mapema na kuipunguza bila kuhatarisha nyumba wala watu waliomo.

Kazi ya kofia

Kofia huzuia mvua isiingie moja kwa moja katika tundu la dohani. Maji yakiingia huchanganyika na masizi na kuwa tope jeusi lenye asidi, ambalo hula udongo au saruji iliyoshika matofali, huchafua kuta za ndani na kushuka hadi mekoni. Baada ya misimu michache ya mvua, matofali ya kozi za juu hulegea, na maji hupenya hadi kwenye mbao za kenchi na dari. Aidha, kofia yenye wavu huzuia ndege kujenga viota ndani ya tundu, na hupunguza cheche zinazoweza kuangukia majani makavu au paa la nyasi la jiko la jirani.

Kwa hiyo, kofia iliyoharibika ni kasoro ndogo inayozaa kubwa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, dohani ina tahadhari yake: ufa huzibwa, lakini tundu la moshi halizibwi.

Hatari ya kuziba tundu

Kaya nyingine, kwa kukwepa gharama, hufunika dohani kwa gunia, kwa karatasi ya nailoni au kwa kipande cha bati kilicholazwa juu ya tundu na kukandamizwa kwa jiwe. Mvua hukoma kuingia, lakini moshi nao hukosa njia. Wengine huacha kabisa kutumia meko yenye dohani na kuingiza jiko la mkaa chumbani, kisha hufunga madirisha kwa sababu ya baridi.

Njia zote mbili zinaweza kuua. Moto unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa ghafla. Aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila kuamka. Mkaa uliokwisha kushika moto na kuacha kutoa moshi bado hutoa sumu hiyo, hivyo kutoonekana kwa moshi si ushahidi wa usalama.

Kwa sababu hiyo, kaya ambayo bado haijapata fedha ya kofia ni heri ivumilie matone ya mvua mekoni kuliko kuziba tundu. Moto usiwashwe chini ya dohani iliyofunikwa, na jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu.

Vitu vinavyounda gharama

Gharama ya kubadilisha kofia hugawanyika katika mafungu matano.

Fungu la kwanza ni bati. Kofia hukatwa katika bati bapa, si bati la migongo. Unene hutajwa kwa geji, na namba inapokuwa kubwa bati huwa jembamba zaidi. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na geji 28 ni jembamba kuliko geji 26. Bati jembamba huuzwa kwa bei nafuu, lakini joto, asidi ya masizi na upepo hulimaliza mapema. Pale uwezo unaporuhusu, geji 26 hufaa zaidi.

Fungu la pili ni miguu, ribiti na wavu. Miguu minne ya vyuma bapa huinua kofia juu ya tundu. Wavu uwe na matundu ya takribani sentimita moja na nusu, kwani wavu mwembamba hujaa masizi na kuzuia moshi.

Fungu la tatu ni ufundi wa karakana, yaani kupima, kukata, kukunja na kuunga.

Fungu la nne ni kazi ya juu ya paa. Hapa huingia ngazi, kamba, msaidizi na muda wa fundi. Paa refu au lenye mteremko mkali huongeza malipo, na ni haki yawe hivyo, kwa kuwa anayepanda huweka maisha yake rehani.

Fungu la tano ni ukarabati wa kichwa cha dohani. Kofia mpya haishiki juu ya matofali yaliyolegea. Mara nyingi fungu hili husahauliwa wakati wa mapatano, kisha huibuka fundi akiwa tayari juu ya paa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue dohani ya matofali yenye upana wa sentimita 60 kwa nje kila upande. Kofia hupaswa kuzidi ukingo kwa sentimita 10 kila upande, hivyo hufikia sentimita 80. Zikiongezwa sentimita 5 za kukunja kila ukingo, kipande kinachohitajika ni cha sentimita 90 kwa 90. Bati bapa la futi 8 kwa 4 lina takribani sentimita 244 kwa 122, kwa hiyo hutoa vipande viwili vya kipimo hicho na mabaki.

Sasa tuseme bati hilo linauzwa shilingi 50,000, miguu, ribiti na wavu ni shilingi 10,000, ufundi wa karakana shilingi 15,000, kazi ya juu ya paa shilingi 20,000, na saruji na mchanga wa ukarabati shilingi 10,000. Mwenye nyumba anayenunua bati zima peke yake atatumia shilingi 105,000. Majirani wawili wakigawana bati moja, kila mmoja atatumia shilingi 80,000. Wakimwita fundi siku moja, gharama ya kusafirisha ngazi na vifaa nayo hugawanyika.

Namba hizi ni za kuonesha namna ya kukokotoa tu. Si bei elekezi. Kila kaya inashauriwa kuuliza bei katika maduka yasiyopungua matatu na kuziweka bei hizo katika mafungu yaliyotajwa.

Bati au zege

Baadhi ya wakazi hupendelea kofia ya zege kwa kuwa haishiki kutu haraka. Ni kweli hudumu, lakini uzito wake usipuuzwe. Bamba la zege la sentimita 80 kwa 80 lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa takribani kilo 77. Kulipandisha juu ya paa huhitaji jukwaa imara na watu kadhaa, na dohani ya matofali yaliyoungwa kwa udongo haitalihimili. Zege lifikiriwe kwa dohani mpya na imara. Kwa dohani kuukuu, bati ndilo salama.

Iwe bati au zege, kipimo kinachoamua kama moshi utatoka ni nafasi kati ya tundu na kofia. Kwa tundu la sentimita 30, nafasi ya sentimita 20 kila upande hutosha. Kofia inayokaa chini mno hurudisha moshi ndani, na fedha yote iliyotumika huwa imepotea.

Mapatano na fundi

Mapatano mema huandikwa, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari. Yataje geji ya bati, vipimo vya kofia, nani ananunua vifaa, nani anasafisha dohani, na iwapo ukarabati wa kichwa cha dohani umo ndani ya bei. Kusafisha masizi kufanyike kabla ya kufunga kofia, kwa kuwa masizi mazito hushika moto ndani ya tundu, na kofia mpya huongeza ugumu wa kuyafikia. Kofia ifungwe kwa namna inayoweza kufunguliwa.

Sehemu ya malipo ibaki hadi kazi ijaribiwe. Kwanza, maji yamwagwe juu ya kofia meko yakiwa baridi, na tundu likaguliwe kwa ndani. Kisha moto mdogo wa kuni kavu uwashwe, na moshi uangaliwe kama unapanda bila kurudi. Ukirudi ingawa tundu ni safi na nafasi ya kofia inatosha, huenda dohani ni fupi kuliko mgongo wa paa, na dawa yake ni kuongeza kozi za matofali.

Kwa nyumba za kupanga, ni vema mkataba ueleze nani anawajibika kwa dohani. Pale mkataba usipotaja, mpangaji amweleze mwenye nyumba kasoro hiyo mapema na kwa maandishi, badala ya kungoja baridi.

Wakati unaofaa na pa kuuliza

Wakati bora wa kazi hii ni mwezi Mei, mvua zinapokatika na kabla baridi haijashika. Paa huwa kavu, na mafundi hawajaelemewa na wito wa dharura wa mwezi Julai. Mwenye nyumba anaweza kukagua kofia akiwa chini: mwanga unaopenya kwenye matundu ya kutu, kofia iliyoinama, michirizi myeusi kwenye kuta za dohani na matone mekoni ni dalili za kutosha. Asipande juu mwenyewe bila ngazi imara na mtu wa kuishikilia.

Afisa Afya wa Kata anaweza kuulizwa kuhusu moshi na hewa safi ndani ya nyumba. Moto ukishika dohani au paa, watu watoke nje kwanza, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114. Anayepatwa na dalili za sumu ya moshi atolewe kwenye hewa safi na kupelekwa zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa, hata akisema amepata nafuu.

Kaya inayoweka akiba kidogo kidogo kuanzia mavuno huifikia bei ya kofia kabla ya Mei inayofuata. Isiyoweza kuifikia peke yake imtafute jirani mwenye dohani ya kipimo hicho hicho, kwani bati moja linawatosha wote wawili.