Batiki Huchujia Ndooni

Fundi anayetengeneza batiki uani kwake, awe Mailimoja pale Kibaha au Kisarawe mjini, akirudishiwa gauni lililochuja humlaumu muuza rangi wa Kariakoo. Mara nyingi anamwonea. Kosa lilifanyika ndooni.

Rangi za batiki zinazodumu, zile za ukoo ulioanzia maabara za Ujerumani mwaka 1901, haziyeyuki kwenye maji. Zikorogwe peke yake, utapata tope. Ndipo inapohitajika kostiki soda, pamoja na haidrosi, ule unga mweupe unaonuka kiberiti. Haidrosi huibadili rangi, kostiki huifanya iyeyuke, nayo hupenya hadi ndani ya uzi wa pamba. Usishtuke ukiona rangi ya njano imegeuka zambarau ndooni. Kitambaa kikitolewa na kupigwa upepo, hewa huirudisha rangi katika hali yake ya kutoyeyuka, lakini sasa imeshanaswa ndani ya uzi. Kinachoikaza rangi hii ni hewa. Siki ambamo wengi huloweka nguo mpya haina kazi hapa.

Haidrosi ikipungua nguvu, rangi haiyeyuki vizuri. Hubaki juu ya kitambaa kama vumbi, na mfuo wa kwanza unaiondoa. Nao unyevu wa mkoa wa Pwani huimaliza nguvu upesi. Funika kopo kila unapochota, tena kwa kijiko kikavu, maana haidrosi iliyopata unyevu inaweza hata kuwaka yenyewe.

Kostiki nayo haina mzaha. Vaa glavu, mimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Sufuria ya alumini iache jikoni kwake; kostiki huitafuna. Na kama umechora kwa nta, yeyusha rangi kwa maji ya moto pembeni, kisha uipoze kwa maji ya baridi kabla ya kutumbukiza kitambaa, la sivyo maua yako yatayeyukia ndooni.

Kitambaa pia hudanganya. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta hujikunja ikawa punje ngumu. Punje hiyo ukiiona, usipoteze rangi yako.

Halafu maji. Kisarawe iliishi miaka mingi kwa visima na maboza kabla ya mradi wa bomba la Kibamba–Kisarawe kuzinduliwa Juni 2020, na fundi anayenunua maji kwa dumu ana kila sababu ya kusuuza mara moja tu. Hapo ndipo batiki nyingi nzuri zimeharibikia. Rangi iliyobaki juu ya uzi lazima itoke: chemsha kitambaa kwa maji ya sabuni, ambayo pia huitoa nta, kisha suuza hadi maji yatoke meupe. Yakitoka na wingu lolote, rudia. Ndipo uanike, kivulini.