Dada wa kazi akiugua, mshahara wake nao uugue?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mume na mke walinisubiri nje ya sakristia. Wote wawili ni waajiriwa, wana watoto watatu, na wanaishi hapa Morogoro mjini. Dada anayewasaidia kazi za nyumbani hushuka kila asubuhi kutoka kule juu, nyumba zinakoanza kupanda Milima ya Uluguru. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji, na daktari amemwambia asiiname, asifue wala kubeba ndoo kwa miezi mitatu.

"Padre," akasema mke, "tuendelee kumlipa?"

Mume hakusubiri nijibu. "Padre, mimi sina roho mbaya. Hospitali tulimchangia. Lakini nikimweka mwingine ashike kazi, nitalipa watu wawili kwa kazi ya mtu mmoja. Sisi siyo Serikali."

Niliwaomba wanipe wiki moja. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo, ila niliona aibu kueleza namna nilivyolipata. Leo nimeamua kuwajibu hapa, kwa sababu najua swali hili haliko katika nyumba yao peke yake. Huenda liko katika nyumba yako wewe unayesoma gazeti hili huku chai ikiwa mezani, na aliyeiandaa siyo wewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja chini ya milima hii. Katika nyumba ya mapadre nilimkuta mama mmoja aliyefanya usafi, akafua nguo zetu na vitambaa vya altare. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minane. Alishuka mlimani alfajiri na kupanda jioni. Anayezijua njia zile wakati wa masika anaujua udongo wake: mwekundu, laini, unateleza kama sabuni. Asubuhi moja mama yule aliteleza akiwa njiani kuja kwetu, akavunjika mkono wa kulia.

Nilifanya yale ambayo padre hutegemewa kufanya. Nilikwenda kumwona, nikasali naye, nikampa shilingi 50,000. Nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Mwisho wa mwezi mhasibu wa parokia akaniuliza, "Padre, mshahara wa mama niuandike?" Nikamjibu kwa maneno mawili tu: "Hajafanya kazi." Wiki iliyofuata tukamchukua binti mwingine.

Baada ya wiki saba mama akaja, mkono bado umefungwa kitambaa shingoni. Alimkuta yule binti akipiga deki barazani. Akasimama kidogo, akaelewa. Nilipotoka kumsalimu hakulalamika. Alisema, "Baba, nilikuwa nimekuja kuuliza kazi yangu. Basi nichukue ndala zangu." Alikuwa ameziacha nyuma ya mlango wa jikoni siku yake ya mwisho kazini. Akazichukua, akaaga, akaanza kuupanda mlima.

Dominika iliyofuata nilikuwa altareni. Kabla ya komunyo niliinua hostia kama kawaida, na kanisa zima likaitikia yale maneno tunayoyajua sote, ya kukiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, na kumwomba aseme neno tu. Macho yangu yakamwona mama yule kwenye benchi la kina mama, akiitikia pamoja na wenzake, mkono shingoni. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yale ni ya nani.

Fungua Injili ya Luka, sura ya 7, mstari wa 1 hadi wa 10. Maneno yale ni ya mwajiri. Ni ya akida wa Kafarnaumu, na hakuyasema kwa ajili ya roho yake. Aliyasema kwa ajili ya mtumishi wa nyumbani mwake aliyekuwa mgonjwa wa kufa. Sisi katika Misa tunaitaja roho yetu mahali ambapo akida alimtaja mtumishi wake. Si vibaya, maana Kanisa ndilo lililotufundisha kuomba hivyo. Lakini mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikiiombea roho yangu kwa maneno ya mtu aliyemwombea mfanyakazi wake, na mfanyakazi wangu nilikuwa nimemfuta kwenye daftari.

Angalia pia jinsi wazee wa Wayahudi walivyomsemea akida yule. Walimwambia Yesu kwamba mtu huyu anastahili, kwa kuwa amewajengea sinagogi. Nasi husifiana hivyo hivyo: fulani katoa mifuko ya saruji, fulani kamaliza ahadi yake ya ujenzi. Lakini akida mwenyewe hakulitaja sinagogi. Kilichomsukuma kuwatuma wazee ni mgonjwa aliyelala nyumbani kwake. Mtumwa wa nyakati zile hakuwa na likizo wala mshahara, na bwana wake angeweza kununua mwingine. Luka anatuambia kwamba mtu yule alikuwa wa thamani kwa bwana wake.

Yupo bwana mwingine katika Biblia, naye hatumsomi mara nyingi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30, watu wa Daudi wanamwokota porini kijana wa Kimisri, mtumwa wa Mwamaleki. Alikuwa ameugua, na bwana wake akamwacha palepale akaendelea na safari. Siku tatu hakula wala kunywa, mpaka watu wa Daudi walipompa mkate, maji, tini na zabibu. Bila shaka bwana yule naye alikuwa na hesabu zake: msafara una haraka na mgonjwa anatuchelewesha. Wahenga wetu walimjua mtu wa namna hii waliposema punda afe, mzigo ufike.

Msomaji, kila mwajiri ambaye msaidizi wake ameugua yuko kati ya mabwana hawa wawili. Mimi nilisimama upande wa Mwamaleki, tena nikiwa nimevaa kanzu.

Jumatatu yake niliupanda mlima, bahasha yenye mshahara wa miezi miwili mfukoni. Njia ile inafuata kijito, na nilipokuwa nikipumzika kwa kuhema niliwaza kwamba mji wetu wote unaishi kwa kinachoshuka kutoka huku. Maji ya bwawa la Mindu yanatoka huku. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia huku. Ndizi na mboga za sokoni zinatoka huku, na mikono ya kina mama wanaofagia nyumba zetu. Sisi huukumbuka mlima siku bomba linapokauka.

Mama alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Ndipo nikajua gharama ya maneno yangu mawili. Ili watoto wale, alikuwa amechukua mkopo, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ameacha shule, anashuka na beseni la ndizi kutembeza mjini. Mshahara wa miezi miwili niliouleta haukutosha kulipa deni la miezi miwili. Mkono ulipopona mama alirudi kazini, na yule binti wa pili tukamtafutia kazi kwa masista. Deni tulilimaliza pole pole. Lakini mwaka wa shule wa mtoto yule ulikuwa umekwisha kupotea, na hakuna bahasha ya kuurudisha. Ujira unaochelewa hautendi kazi ile ile ya ujira uliofika siku yake.

Sasa nirudi kwa ndugu zangu wa Jumapili iliyopita.

Wengi tunadhani kumlipa dada mgonjwa ni sadaka. Kwa sehemu kubwa ni haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata analipwa nusu, mradi awe amefikisha miezi sita kazini na alete cheti cha daktari. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wenye meza na viti vya kuzunguka peke yao. Anayepiga deki nyumbani kwako naye ni mfanyakazi.

Tufanye hesabu. Tuseme dada analipwa shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani 4,000 kwa siku. Kwa siku 90 za kupumzika, siku 63 za mshahara kamili ni 252,000, na siku 27 za nusu ni 54,000. Jumla ni 306,000. Ukiamua kumlipa kamili miezi yote mitatu, ni 360,000. Tofauti ya sheria na ukarimu hapo ni shilingi 54,000. Kwa hiyo, baba, swali lako si kama umlipe. Sheria imekwisha kulijibu hilo. Swali lililobaki ni la hizo 54,000.

Utasema, tulipatana nimlipe kwa kazi, na kazi haipo. Papa Leo XIII alilijibu neno hilo mwaka 1891 katika waraka wake wa Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa sababu iko haki ya asili iliyo kubwa na ya zamani kuliko mapatano yoyote. Mwenye njaa hukubali lolote. Na wewe uliyeajiriwa, kumbuka ulipolazwa mara ya mwisho. Mshahara wako uliingia benki tarehe ile ile, wala hukuwaambia kwamba haukustahili.

Utasema, atazoea, kesho atajifanya mgonjwa tena. Ndiyo maana sheria imetaja cheti cha daktari. Mwenye cheti na mshono tumboni hajifanyi.

Utasema, lakini huyu kwetu si mfanyakazi, ni kama mtoto wetu. Neno hilo tunalipenda sana siku tunapotaka afanye kazi ya ziada bila malipo. Lipime siku anapougua. Mtoto wako akivunjika mkono, humpi nauli na kumpandisha basi akaugulie kwingine.

Najua pia wapo wasioweza kabisa. Yupo mjane wa pensheni ndogo anayemlipa msichana kwa kujinyima, na yupo mama wa genge ambaye naye anaishi kwa kipato cha siku. Nyinyi siwafungi mzigo nisioweza kuubeba mwenyewe. Nawaomba msinyamaze tu. Mwambieni mgonjwa ukweli kabla mwezi haujaisha: nina kiasi hiki, nitakupa hiki, na nafasi yako ipo. Mkose pesa, mpelekeeni unga na mchele. Mkizidiwa, lisemeni jambo hilo kwenye jumuiya ndogo ndogo, maana jumuiya si ya kusali rozari na kuchangia misiba tu.

Kwa wenye uwezo, nina mambo matatu. Lipa kwa tarehe ile ile, usingoje kuombwa, kwa sababu anayeomba haki yake kama fadhila umekwisha kumpunguzia utu. Ukimweka mbadala, mwambie mapema kwamba ni wa muda, na mgonjwa naye ajue hivyo. Pengine anaye mdogo wake anayeweza kushika zamu. Halafu punguza kazi yenyewe. Watoto wa miaka 12 wanaweza kufua soksi zao na kuosha vyombo, na baba mwenye nyumba anaweza kushika fagio bila kuvunjika mgongo. Miezi mitatu ya namna hiyo itawafundisha watoto wako katekisimu ambayo mimi siwezi kuwafundisha.

Mpendwa, leo ukienda Misa utayasema tena maneno ya akida. Yaseme kwa ajili ya roho yako, ni vema. Kisha ukirudi nyumbani, chungulia nyuma ya mlango wa jikoni. Kama ziko ndala za mtu ambaye sasa amelala mgonjwa kwake, ziache palepale, na mshahara wake umfikie kabla hajazifuata.

Nawatakia Dominika njema.